Mshale wa Vali

Nilipoizima pampu, ilikuwa ya moto kiasi kwamba tone la maji lililodondoka kwenye mgongo wake lilikauka kabla halijateleza. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Magari manne yalisubiri kuoshwa, mipira ya maji imelala sakafuni mikavu, na tangi la juu lilitoa mlio wa debe tupu kila nilipoligonga. Tangi la chini lilikuwa limejaa hadi shingoni. Maji yalikuwepo, hayakupanda tu.

Baba alikuwa bado amepiga magoti, ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni. Ndivyo alivyopewa jina la Fundi Sikio. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ametunza matangi na pampu za kituo kile cha kuoshea magari. Mimi, bintiye niliyesomea mitambo ya maji chuoni, niliitwa pale tu kazi ilipohitaji mikono minne.

"Fundi Sikio, leo inakwambia nini?" muoshaji mmoja alipaza sauti.

"Inasema wewe hujaoga."

Walicheka. Baba hakucheka. Alihamisha bisibisi, kisha akairudisha palepale, akaendelea kuisikiliza mashine iliyokwisha kuzimwa.

Nilifuata bomba kwa mkono. Chini kidogo ya kiwiko, pale bomba linapopinda, kulikuwa na vali inayozuia maji yaliyopanda yasirudi, mpya, ambayo baba aliifunga jana yake jioni. Ubavuni mwa kila vali ya aina hiyo kuna mshale, umechomoza kwenye shaba yenyewe, kuonyesha maji yapite upande gani. Mshale huu ulielekea chini. Tangu alfajiri pampu ilikuwa ikisukuma maji kwenye mlango uliofungwa.

Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Baba alinifundisha kuupapasa mshale ule kabla sijajua kusoma, mkono wake juu ya wangu, na kwa muda mrefu niliamini kuwa ni herufi.

Mwenye kituo alifika akiwa na funguo mkononi. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, asiyewahi kumkaripia mtu mbele ya wateja.

"Imekufa yenyewe," aliuliza, "au imeuawa?"

Ningeweza kusema springi ya vali imekatika. Springi hukatika, hakuna ambaye angeifungua kuhakikisha. Wiki mbili kabla, baba alikuwa amesahau kufungua koki ya tangi la juu, na mwenye kituo alikuwa amemwambia waziwazi kwamba hatavumilia kosa jingine. Nilimtazama baba. Hakuwa akiniomba kitu. Alinitazama kama mtu anayesubiri kusomewa majibu ya vipimo.

"Vali imefungwa kinyume," nilisema.

"Na nani?"

"Na baba."

Waoshaji waligeukia magari. Mwenye kituo alizihamisha funguo kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Mzee wangu, nenda nyumbani ukapumzike kidogo."

Hakusema hadi lini. Baba aliifuta bisibisi kwa tambara, akanikabidhi, mpini ukiwa upande wangu.

"Umesema sawa, mama," aliniambia. "Kifaa hakisingiziwi."

Ugonjwa wake wa kusahau ulipata jina hospitalini miezi saba baadaye. Nimepiga hesabu: kwa kasi uliyokwenda nayo, asingemaliza mwaka kazini hata kama ningedanganya. Ningemwongezea miezi minne, labda mitano. Hesabu hiyo ni sahihi. Nimeirudia mara nyingi kuliko hesabu sahihi inavyohitaji kurudiwa.

Mwaka wa pili wa ugonjwa niligundua mishale nyumbani, ya rangi nyeupe, imechorwa kwa brashi nyembamba: kutoka tangi hadi jikoni, kutoka jikoni hadi bafuni. Sikumwuliza. Nilikagua bomba moja baada ya jingine, kama ninavyokagua kazi ya fundi yeyote. Yote ilikuwa sawa.

Mshale wa mwisho ulikuwa kwenye ukuta wa korido, ambako hakupiti bomba lolote. Ulichorwa usawa wa kiuno, mahali ambapo mkono wa mtu anayepapasa ungeufikia, ukielekea kwenye mlango wa chumba chake.

Huo nao nilikuwa nikiupaka rangi upya kila ulipofifia, hadi pale chumba kilipobaki kitupu.