Mstari wa Saba

Fundi Timazi alifika ofisi ya usajili wa ardhi kabla mlango haujafunguliwa, amevaa suti yake ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ya suruali ingeweza kukata mkate. Jina la Timazi, ile kamba yenye risasi ya kupimia wima wa ukuta, alipewa na waashi wenzake, kwa kuwa katika miaka arobaini ya kazi ukuta wake haujawahi kulala upande hata kwa unene wa kucha. Kando yake alikaa mkewe, kapu mapajani. Ndani ya kapu, katika mfuko wa plastiki uliotiwa ndani ya mfuko mwingine, ilikuwamo hati.

Hati yenyewe ilikuwa ya kurasa tatu. Ilisema kwamba nyumba yao, ambayo yeye aliijenga tofali kwa tofali na mkewe akabeba kichwani maji yote ya kukorogea zege, sasa ni ya wote wawili, nusu kwa nusu. Mwanasheria alikuwa ameigonga muhuri miezi sita iliyopita, kasoro siku moja. Isiposajiliwa kabla miezi sita haijatimia, yaani leo, inakufa, na wao wanaanza upya. Hii ilikuwa safari yao ya tano. Mara mkuu yuko semina, mara daftari limekwenda kukaguliwa.

Timazi hakutaka kusikia habari ya kuanza upya. Mwaka uliopita, alipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, wadogo zake wawili walikuja nyumbani na kamba, wakaupima ua toka ukuta hadi ukuta huku shemeji yao akiwatazama dirishani. Hawakumwambia kitu. Alipomsimulia mumewe kule hospitalini, sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya mgeni anayeomba maji. Timazi aliapa palepale kitandani kwamba hataisikia sauti ile mara ya pili.

Karani, kijana mwenye tai ya rangi ya chungwa, alinakili hati katika daftari kubwa kwa mkono. Ilimchukua karibu saa mbili. Kisha akafunika kalamu.

"Nimemaliza, mzee. Bado kulinganisha tu."

"Kulinganisha na nini?"

"Mmoja anasoma hati kwa sauti, mwingine anafuata kwenye daftari. Ndivyo tunavyofanya. Ila mwenzangu amempeleka mtoto kliniki. Njooni Jumatatu."

"Jumatatu hati imeshakufa, baba."

"Sasa mzee wangu, nifanyeje? Nijikate vipande viwili?"

"Nitasoma mimi."

Karani alimtazama mikono, ile mikono iliyokwaruzwa na saruji mpaka haina tena alama za vidole. "Wewe?"

"Mimi. Miwani ninayo, na shule ya usiku nimesoma miaka minne bila kukosa hata siku ya mvua."

"Ulikosa moja," mkewe akasema. "Siku niliyojifungua wa tatu."

"Siku ile nilikwenda. Nilichelewa tu."

Msajili mkuu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, alikuwa anapita na kikombe cha chai. Akasimama. "Kanuni inataka mtu mzima anayejua kusoma. Haisemi lazima awe mwajiriwa wetu. Mpe asome."

Timazi akasimama. Mwalimu wake wa usiku alikuwa hataki mtu asome amekaa. Aliwasimamisha, wanaume wazima ambao magoti yao hayakuingia chini ya madawati ya watoto, akawafundisha kuvuta pumzi penye mkato na kushusha sauti penye nukta. Basi Timazi akavuta pumzi, akashusha sauti, na watu waliokuwa kwenye foleni wakaacha kuzungumza. Mkewe akajiweka sawa kwenye benchi kama mama mzazi siku ya mwanawe kupewa cheti.

"Ndiyo," karani alisema kila mstari ulipoisha. "Ndiyo. Ndiyo."

Walipofika ukurasa wa pili Timazi akahisi kitu. Ile ndiyo ilikuwa inafika kabla yeye hajafika. Aliwahi kuwa na vibarua wa namna hiyo, unamuuliza kama ukuta umenyooka, anakuitikia na timazi bado iko mfukoni. Akachungulia juu ya miwani. Macho ya karani yalikuwa chini ya meza, kwenye simu.

Timazi hakubadilisha sauti. "Upande wa kaskazini kiwanja kimepakana na njia ya umma, pamoja na mbuzi wawili weusi."

"Ndiyo."

"Mmoja ana pembe moja."

"Ndiyo."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka, akajiziba mdomo kwa upande wa kanga, wapi! Foleni nzima ikamfuata. Msajili mkuu akaweka kikombe chini taratibu.

"Umeitikia mbuzi?"

Karani aliingiza simu kwenye droo. Hata masikio yake yalionekana kuona haya.

"Si neno," alisema Timazi. "Turudi mwanzo."

Safari hii karani aliweka rula chini ya kila mstari. Mmoja, wa pili, wa tatu. Walipofika wa saba Timazi akasoma, "na mkewe, mmiliki mwenza, nusu kwa nusu, wa kiwanja nambari mia mbili kumi na nne."

Rula ikasimama.

"Soma tena, mzee."

Akasoma tena. Rula ilipanda, ikashuka.

"Haupo," alisema karani, na sasa alikuwa ananong'ona. "Wa sita nao unaishia na kiwanja hichohicho. Nilipoinua kichwa na kurudi, jicho likaangukia mwisho wa ule wa chini yake. Nimeuruka."

Mkewe alikuwa ameacha kucheka. "Kwa hiyo humo ndani mimi simo?"

"Hukuwamo, mama," alisema msajili mkuu. "Na karatasi yenu ingepotea au kuungua, daftari ndilo lingeulizwa."

Mstari wa saba uliandikwa pembeni kwa wino mwekundu, na wenye mali wakatakiwa kutia sahihi kando yake. Timazi akatia yake kwanza. Karani akasogeza kidau cha wino wa dole gumba upande wa mkewe Timazi. Naye akakisukuma kando kwa kidole kimoja, akachukua kalamu. Kila alichofundishwa Timazi usiku, mkewe alikuwa amekipata asubuhi yake juu ya chai. Aliandika majina yake yote matatu bila haraka, akayapulizia yakauke.

Chini ya ukurasa palikuwa na nafasi: *Imesomwa na*. Timazi akaandika jina lake.

"Na cheo?" aliuliza karani kwa adabu.

"Fundi mwashi. Kiandike vizuri, nitakukagua."

Msajili mkuu akagonga muhuri, na ukasikika mpaka uani.

Walipokuwa wanashuka ngazi mkewe akamshika mkono, na sauti yake ilikuwa ile ya siku zote, ya kuita mtu toka mtaa wa pili. "Na wale mbuzi wawili, umewaacha wapi?"

"Nimewawekea wadogo zangu," alisema Timazi. "Kamba si wanayo?"