Picha za Mwezi Uliotetemeka

Kinyozi alipenda mambo mawili kupita kiasi: kunyoa ndevu kwa wembe, na kupiga picha miezi ya sayari ya Mshtarii inapopatwa. La kwanza lilimlisha. La pili lilimfanya mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali, aseme kwamba ameolewa uke wenza na darubini.

Siku hizi yote mawili yalikuwa yamekalia kuti kavu, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Hakumwambia mtu. Dukani wembe alimwachia msaidizi, akisingizia mgongo. Lakini kesho shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa anaoa, naye alishaapa kwamba shingo yake haiguswi na kinyozi mwingine. Kinyozi alikubali. Angekataaje bila kutoboa siri?

Jioni hiyo, giza lilipoingia tu, alipanda darini kwenye sakafu ya wazi. Mkewe alimfuata, amebeba kiti na malalamiko. Ndani ya darubini sayari ilionekana kubwa kama kifungo cha shati, na ubavuni vinukta vinne, ndiyo miezi yake. Mwezi wa karibu kabisa ulikuwa unakaribia kivuli cha sayari. Ungefifia kwa dakika chache, kisha uzimike. Kazi ilikuwa kushikilia simu kwenye tundu la kuchungulia na kupiga picha mfululizo kabla haujapotea.

Alijikaza kisabuni, akapiga. Vinukta vilitoka kama vijiuzi vilivyojikunja.

"Upepo huu," alisema.

"Upepo gani? Nguo zangu kwenye kamba zimetulia tuli."

Hakukubali kushindwa. Alishuka, akarudi na shuka la kunyolea, akaifunga darubini kwa lile fundo lake la kisogoni, sawasawa na anavyowafunga wateja. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. Kinyozi akapiga tena. Vijiuzi vilevile.

"Hebu lete simu. Mwezi unazimika, wewe unavalisha chuma shuka."

Mkewe alibana pumzi kama anayetunga uzi kwenye sindano, akagusa. Picha ikatoka safi: sayari ya duara, miezi mitatu imekaa imara, wa nne hafifu, karibu kuisha. Akapiga nyingine. Wa nne haukuwepo.

Alifurahi kwelikweli, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza mumewe, maana alitaka kulinganisha picha yake na za zamani ili amtambie. Akazirudisha nyuma moja moja. Wiki iliyopita, vijiuzi. Mwezi uliopita, vijiuzi vifupi. Mwanzoni mwa mwaka, vimikia tu. Kinyozi hakuwa amefuta hata moja. Alimwona mkewe akiacha kucheka.

"Hizi mbovu umezitunza za nini?"

Kinyozi aliketi sakafuni. "Nilikuwa naangalia kama unazidi."

"Nini kinazidi?"

"Mkono."

Mkewe alimtazama kwa huruma na hasira kwa pamoja, na kinyozi hakujua ipi inamuuma zaidi. "Na kesho ungemwekea mdogo wangu wembe kooni?"

"Nilijipa moyo kwamba asubuhi utatulia."

"Baba watoto."

"Najua. Naogopa, mama. Sijui kazi nyingine."

Mkewe aliuchukua mkono ule, akaubana katikati ya viganja vyake. Haukutulia. "Hospitali tutakwenda wote wawili. Lakini mdogo wangu mwambie sasa hivi."

Kinyozi alimwomba amsemee. Mkewe alimtafutia namba tu, akaweka sauti kwenye spika, akamrudishia simu.

"Shemeji," kinyozi alisema, "kesho siwezi kukunyoa. Mkono wangu unatetemeka. Habari za mgongo nilikuwa nadanganya."

Kinyozi akahisi aibu ikimpanda usoni.

"Pole sana, shemeji," sauti ilisema upande wa pili. "Basi msaidizi wako ataninyoa. Ila wewe usimame pale pale umwelekeze, maana shingo yangu unaijua wewe."

Kinyozi aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Mkewe akaichukua simu.

"Amesema atasimama," alimwambia mdogo wake.