Kipimo cha Fundi Daftari

Watu wazima wana tabia moja mbaya: jambo likiwatisha, wanalikatia siku. Mama alikata wiki mbili. "Wiki mbili tu, mwanangu. Baba atibiwe, turudi kwetu." Aliyasema hayo huku anafunga mizigo, na ndani ya mizigo hiyo mlikuwa na cherehani, masufuria yote na godoro la mtoto. Nani anabeba godoro kwa safari ya wiki mbili? Lakini binti alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mtoto wa umri huo akiamua kuamini, anaamini kwelikweli.

Wakahamia kwa shangazi, dada yake baba, kwa sababu kutoka kwake hadi hospitali kubwa ni mwendo wa miguu. Baba alikuwa na uvimbe kichwani. Binti akaingizwa shule ya mtaa ule, darasa la tano, katikati ya muhula. Sare ya pale ilikuwa rangi ya damu ya mzee. Yeye akaenda na gauni la kijani alilotoka nalo shule yake. Kabla hata kengele ya mapumziko haijalia walishampa jina: "Mchicha!" Basi na sisi tumwite hivyohivyo, maana yeye mwenyewe hakulikataa. Aliona jina la wiki mbili halina haja ya kugombaniwa.

Mchicha alikuwa na siri yake. Alijiambia kwamba yeye akiwa mpitaji, na ugonjwa utakuwa mpitaji. Siku atakayoizoea shule hii, ndiyo siku ambayo baba haponi tena. Kwa hiyo alikataa kuizoea, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii kuliko hesabu za mwalimu. Madaftari hakuyafunika majalada. Majina ya wenzake hakuyauliza. Jirani yake wa dawati, msichana mwenye pengo mbele na mdomo usio na breki, alimwita kuruka kamba kila mapumziko.

"Njoo, tumepungua mmoja."

"Mimi naondoka."

"Lini?"

"Karibuni."

"Si uruke kwanza, ndiyo uondoke?"

Mchicha akabaki ameegemea ukuta, miguu inamwasha kwa hamu.

Wiki mbili zikaisha, zikazaa nyingine mbili, nazo zikazaa. Ijumaa ya wiki ya tano mwalimu wa darasa, mama mnene mpole, akamwita pembeni. "Mwanangu, nimekuvumilia vya kutosha. Sasa mwalimu mkuu ananisema mimi. Si Jumatatu hii, ile inayofuata, uje na sare."

Nyumbani, shangazi alipopata habari alicheka mpaka akashika ubavu. "Wifi yangu wewe! Fundi tunaye ndani, halafu mtoto anaenda shule kama mboga?"

Ni kweli, fundi walikuwa naye. Miaka ishirini baba alishona, na katika miaka hiyo hakuandika kipimo cha mtu hata kimoja. Ukiingia mlangoni anakutazama, basi, ameshamaliza. Ukirudi baada ya miaka miwili anakwambia, "Kiuno kimeongezeka, usinifiche." Wateja walimwita Fundi Daftari, kwa kuwa hakuwa nalo. Sasa alikaa dirishani kutwa, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mama aliponunua kitambaa cha sare na kumwekea mbele yake, akakishika, akakivuta kona kwa kona, akatabasamu. Walikuwa hawajaliona tabasamu hilo tangu wahame.

"Utampima saa ngapi?" mama akauliza.

"Nimpime mwanangu? Huyo ninaye kichwani."

Mama na shangazi wakafurahi. Mchicha akakitazama kitambaa kile kama adui. Sare maana yake kukaa! Na anayemshonea ni baba mwenyewe! Jumapili asubuhi, wakati wakubwa wako uani, alikichukua kitambaa akakisokomeza chini ya godoro la shangazi.

Hakufikiria kitakachofuata. Siku mbili nzima baba alikitafuta. Alitafuta chini ya cherehani, ndani ya mifuko ya dawa, mpaka kwenye ndoo ya unga. "Nimekiweka wapi? Mama, hebu niangalizie." Alimwita binti yake mama kwa sababu alirithi jina la bibi yake mzaa baba. Jumatatu, Mchicha aliporudi shule, akamkuta baba amekaa sakafuni katikati ya nguo zilizomwagwa, anajipiga paji la uso kwa kiganja. "Kichwa hiki! Kichwa hiki!" Alikuwa analia.

Mchicha hakuweza kuvumilia. Alikimbia akakitoa, akasema amekiona nyuma ya mlango.

"Umeona?" baba akamwambia mama kwa furaha. "Sikukipoteza. Kilikuwepo tu." Furaha ile ilimwaibisha Mchicha kuliko kama angechapwa.

Baba akashona siku nne. Alikuwa anachoka haraka. Anakata kidogo, analala, anaamka, anashona tena. Cherehani ikilia nyumba nzima inachangamka. Shangazi akiwa jikoni anaimba, na mama anaanza kumjibu utani wake. Hata Mchicha, akiwa njiani kutoka shule, alijikuta anatamani kuisikia ile cherehani, na akajikaripia kwa hilo.

Ijumaa alilikuta gauni limetundikwa kwenye msumari, limeshapigwa pasi. Sijui nilielezeje gauni lile. Kola imekaa, marinda yamelala sawasawa, na mshono huuoni hata ukiutafuta kwa kucha. Mikono ya baba ilikuwa haijaugua hata kidogo.

"Vaa tukuone," akasema shangazi.

Mchicha akaliingiza kichwani. Mabega yakakataa. Mama akavuta upande huu, shangazi upande ule, kiuno cha gauni kikagota kifuani, na Mchicha akabaki mikono juu, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Lilikuwa gauni la mtoto wa darasa la kwanza. Baba hakuwa amekosea hata nukta: kilikuwa kipimo chake hasa, cha ile asubuhi alipomshika mkono kumpeleka shule kwa mara ya kwanza.

"Kaka, ubahili gani huu wa kitambaa?" shangazi akaanza kucheka. Halafu akamtazama kaka yake usoni, na kicheko kikamfia mdomoni.

Baba alikuwa anamwangalia Mchicha kwa adabu, vile alivyokuwa anawaangalia wateja.

"Mtaipasua," akamwambia mama. "Hii si ya huyu. Hii ya mwanangu. Mwite mwenyewe aje ajaribu."

"Mwenyewe si huyu?" mama akasema.

"Huyu mkubwa. Wangu ananifika hapa." Akaonyesha kiunoni kwake. Kisha akamgeukia Mchicha. "Wewe ni binti wa nani? Karibu, kaa. Usisimame."

Mama na shangazi wakaliachia gauni. Mchicha akajinasua polepole asije akaharibu mshono, akalikunja gauni vizuri, akalipakata.

"Nimetumwa tu nilichukue, Fundi," akasema. "Nitampelekea."

"Ahsante sana, binti. Mwambie asikimbie nalo kwenye tope."

"Nitamwambia."

Akatoka nalo uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wiki sita hakuruka kamba. Wiki sita hakufunika daftari wala kuuliza jina la mtu, na haikusaidia kitu. Uvimbe haukuwa na habari naye. Ulikuwa unaendelea na kazi yake, awe amezoea au hajazoea, na hilo ndilo lililomuuma: kwamba alijinyima vyote vile bure.

Kesho yake asubuhi baba alimjua. Ugonjwa ule ndivyo ulivyo, unachukua na kurudisha, ila kinachorudi ni kidogo kuliko kilichochukuliwa.

"Mama, sare imekukaa?"

"Imenikaa, baba. Imenikaa sawasawa."

"Mbona hujaivaa?"

"Naiwekea Jumatatu."

"Nataka nikuone nayo kabla hujatoka."

"Utaniona."

Mchicha akaenda moja kwa moja kwa mama, aliyekuwa anafua.

"Nipeleke kwa fundi mwingine. Rangi ileile, mtindo uleule."

Mama akakamua shuka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Tungoje kidogo, mwanangu. Daktari amebadilisha dawa. Amesema tuangalie wiki mbili hizi."

"Mama, Jumatatu anataka kuniona nayo."

Wakaenda. Nyuma ya soko kulikuwa na kibanda cha mama mmoja fundi, mtu wa haraka, pini mdomoni, redio inaongea peke yake. Alikubali kulimaliza gauni Jumapili. Akamsimamisha Mchicha karibu na mlango penye mwanga, akamzungushia utepe shingoni. Mchicha akashtuka. Alikuwa hajawahi kupimwa maishani mwake. Hakujua kwamba utepe ni wa baridi, wala kwamba fundi huwa anakugeuzageuza kama gunia na kutaja namba kwa sauti kila mtu asikie.

"Umesimama kama mtoto wa fundi," yule mama akasema. "Hujikunji kama wenzio."

"Ndiyo," Mchicha akajibu.

"Pindo la kufumua akikua niache kiasi gani? Maana mtaa huu una hospitali. Watoto wengine wanakuja kuuguza, wanahama. Wa kuhama simpotezei kitambaa."

"Sisi tupo kwa muda tu," mama akaanza kueleza. "Mume wangu anaumwa, tukishapata..."

"Weka refu," Mchicha akasema. "Nitasoma hapa mpaka nimalize."

"Haya," akasema fundi, akainama kupima urefu.

Mama akakaa kwenye kiti cha wateja akalia, mchana kweupe, mbele ya mtu asiyemjua. Mchicha hakumbembeleza. Alisimama wima, mikono ameitanua, kama alivyoambiwa, akasubiri fundi amalize.