Kibonyeo cha Kidole cha Baba

Baba aliacha gitaa moja na vipigio viwili vya kukwaruzia nyuzi, alivyovichonga mwenyewe kutoka pembe moja ya ng'ombe. Gitaa lilikwenda kwa kitindamimba, kwa kuwa ndiye aliyejua kulipiga. Vipigio wakagawana, kimoja kimoja. Dada mtu alichagua kile alichokishika baba siku alipopiga kwa mara ya mwisho, kabla ugonjwa haujamlaza.

Kilikuwa cheusi chenye mshipa wa rangi ya asali, na katikati kina kibonyeo: miaka thelathini ya kidole gumba cha baba. Juu ya kibonyeo palibaki ukungu wa jasho lililokauka. Dada aliutazama, akasema moyoni, hapa sifuti.

Si kwamba hakujua. Masharti ya pembe alikua nayo. Ukimaliza kupiga, futa kwa kitambaa kikavu. Kila juma tone moja la mafuta, sugua mpaka kinywe. Juani kitapasuka, majini kitapinda, na usikifungie gizani. "Pembe ilikaa kichwani mwa mnyama," baba alikuwa akisema. "Imezoea upepo."

Lakini kukifuta kipigio kile ilikuwa kumfuta baba. Akakiviringisha kwa kipande cha sweta la sufu la marehemu, akakitia koponi, kopo akalifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni.

Miezi mitano ya kumgeuza baba kitandani ilikuwa yake peke yake. Kitindamimba alikuwa safarini na bendi, simu imezimwa. Alifika siku mbili baada ya maziko, mikono mitupu na miwani nyeusi. Asiyekuwepo na lake halipo, dada alimwambia mlangoni, na tangu hapo maneno yao yakawa ya kuhesabika.

Mwaka ulipotimia, mdogo wake akaja. Alikaa ukingoni mwa kiti, ananuka sigara, goti halitulii.

"Dada, nataka kurekodi ule wimbo wa baba. Niazime kipigio chako, siku moja tu."

"Uende ukakiangushe baa?"

"Changu nimekiangusha?"

"Wewe baba mwenyewe ulimwangusha."

Goti likatulia. "Haya, hilo nimelimeza," alisema. "Basi nionyeshe tu. Nikione."

Dada hakuwa na nia ya kumwazima. Alitaka ajionee, yule mzururaji, jinsi kitu cha marehemu kinavyotunzwa. Akauvua ufunguo, akaleta kopo, akalifungua mbele yake.

Sufu ilikuwa matundu matupu. Ndani yake mlikuwa na unga wa kahawia na vidudu viwili vyenye manyoya, vimenona. Ncha ya kipigio ilikuwepo. Kibonyeo hakikuwepo. Palikuwa na tundu lililotafunwa kingo, maana vidudu vilianzia pale pale penye jasho.

"Sufu, dada?" Kitindamimba aliuliza kwa sauti ya chini. "Na hukukifuta?"

Dada akalifunika kopo. Mdogo wake akaingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa chake, pamoja na njiti za kiberiti na tiketi iliyokunjwa. Kiling'aa kama jicho la ng'ombe. Mafuta hakukipaka hata tone, lakini vidole vyake, kila siku, baa kwa baa, vilikuwa vimekilisha.

"Chukua hiki. Nacho ni cha baba."

Dada alikipokea, akafumba macho, akapitisha kidole gumba kutafuta mahali anapopajua. Kibonyeo kilikuwepo. Ila kilikuwa chembamba, kimelalia upande. Hakikuwa cha baba.

Akamrudishia.

"Hiki kimekuwa chako."

"Dada, usiseme hivyo."

"Nimesema nini kibaya? Nenda karekodi."

Alipotoka, dada aliukung'uta unga dirishani. Kisha akachukua kitambaa kikavu, akalifuta kopo ndani na nje, taratibu, kama alivyofundishwa, mpaka pasibaki kitu.