Rangi Baadaye

Mafundi wa magari ni watu wabishi, na Tebello Mokoena alikuwa mbishi hata kwa mafundi wenzake. Kwa miaka kumi na tisa alitengeneza magari ya watu nyuma ya nyumba ya mama yake, katika kitongoji cha Katlehong, na hakuna mteja aliyewahi kumwambia aanzie wapi akasikilizwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumpandishia sauti asifukuzwe uani: Mzwandile Radebe, rafiki yake tangu wakiwa kwenye kaptura za shule. Waliitana kwa majina ya koo zao, Radebe na Mokoena, kama wazee, hata walipokuwa wanatukanana.

Mzwandile alikuwa na sifa yake mjini. Jumapili, magari yanapozungushwa uwanjani kwa mchezo, matairi yanafuka moshi na watu wamepanda juu ya ukuta, yeye ndiye aliyekuwa akitokea dirishani huku gari linazunguka, akalala chali hewani, mgongo unakaribia kugusa lami, amejishikiza kwa kifundo cha mguu mmoja na anawapungia watu kofia. Walimwita Radebe wa Dirishani. Lakini gari lilikuwa la mtu mwingine siku zote. Gusheshe, lile gari la zamani la Kijerumani lenye umbo la kisanduku ambalo kila kijana wa pale analiota, yeye hakuwahi kuwa nalo, hata bovu.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamwingia. Nobantu, mke wake, alimwambia aende hospitali. Yeye akanywa dawa za mizizi kutoka kwenye chupa za soda kwa miaka miwili. Sikio la kufa halisikii dawa. Alipokwenda, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lilikuwa linavuja damu kwa ndani. Daktari alisema watajaribu, ila hakuahidi kitu. "Kama kuna kitu unataka kukiona," alimwambia, "kakione."

Mzwandile hakwenda kuona bahari. Alikwenda kwa Tebello.

"Nataka gusheshe langu," alisema. "Jekundu, linang'aa, mimi nimesimama pembeni nalitazama. Nikishaliona, basi."

Hiyo ndiyo sababu, asubuhi moja ya Julai yenye baridi ya kukata masikio, wawili hao walikuwa Vosloorus, kitongoji cha jirani, kwenye uwanja wa Mama Sibeko, mjane aliyeachiwa na mumewe magari mabovu na madeni, naye alikuwa na ulimi mkali. Pesa waliyokuwa nayo, kiinua mgongo cha Mzwandile kutoka ghala alikokuwa akifanya kazi, ilitosha gari moja la bei ya chini na vipuri vyake. Hapakuwa na nafasi ya kukosea.

Gusheshe la bluu lilikuwa limeegeshwa pale pale getini, limepigwa polishi mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," Tebello alisema hata kabla ya kuligusa.

"Wewe fundi," Mama Sibeko akamjibu kutoka kwenye kiti chake, "huo mdomo wako ungekuwa na magurudumu, ningekununua."

Tebello alifungua boneti, akachungulia, akaifunga kama mtu aliyefungua sufuria akakuta chakula cha juzi. "Silinda nne. Wameng'oa injini ya kwake, wakaweka cherehani."

"Linatembea!"

"Hata kuku anatembea, Mama."

La pili lilikuwa nyuma ya nyumba chini ya turubai, na kuku alikuwa humo kweli, kwenye kiti cha nyuma, anaatamia. Mlango mmoja wa kijani, mwingine mweupe, boneti nyeusi, na chini ya milango kutu imetoboa matundu ambayo ngumi ingepita bila kukwaruzika. Waliliwasha kwa betri ya kuazima. Tebello akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, ndivyo anavyosikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Akafumba macho. Silinda sita, zote zinaongea, hakuna hata moja inayokohoa.

"Lile la bluu ni bibi harusi," Mama Sibeko alisema. "Hili ni mama mkwe. Sura mtaivumilia, lakini ndiye anayejua nyumba inasimamaje."

Mzwandile alimvuta Tebello pembeni kwa mkono wa koti.

"Mokoena, tuchukue la bluu."

"La nini? Ukilizungusha mara mbili linazima. Watu watatucheka mpaka Krismasi."

"Waache wacheke. Nitawaona wanavyocheka."

"Radebe wa Dirishani ndani ya cherehani? Una jina, bwana!"

"La bluu naliona leo," Mzwandile alisema taratibu. "Wiki ijayo unalipaka jekundu, naliona jekundu. Sitaki zaidi ya hapo."

"Nipe mpaka katikati ya Agosti. Nitakupa gusheshe ambalo hata wale wanaopanda ukutani Jumapili watalivulia kofia. Mimi nimewahi kukudanganya?"

Mzwandile aligeuza shingo nzima, kwa sababu jicho lilikuwa moja, akalitazama lile la bluu kwa muda mrefu. Aliyatazama magurudumu, akautazama mdomo wake wa chuma, akatazama mpaka Mama Sibeko akadhani amepata mteja.

"Haya," alisema. "Fundi ni wewe."

Hakuna fundi asiyependa kusikia maneno hayo. Tebello aliyapokea kama ushindi, akaanza kusaidia kumhamisha kuku na mayai yake kwenye beseni huku kuku akimdonoa na Mama Sibeko akimlaani.

Sheria yake ya kazi ilikuwa moja, na aliirudia kila siku: kwanza gari liwake, kisha lisimame, kisha lizunguke, rangi baadaye. Anayeanza na rangi, alisema, ni tapeli au ni dalali. Kwa hiyo aliteremsha injini yote. Alikata kutu na kuchomelea mabati mapya. Alichomelea difu ili matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja, maana bila hivyo gari la kuzungushwa si la kuzungushwa. Mzwandile alikaa kwenye kreti ya bia karibu na moto wa makaa na kumpa spana.

Wiki ya kwanza, Tebello akisema kumi na tatu, anapewa kumi na tatu. Wiki ya tatu, Mzwandile alianza kupapasa namba kwa kidole gumba kabla ya kutoa. Tebello aliliona hilo. Alilala chini ya gari akiwa ameliona, akaendelea kukaza nati iliyokwisha kukazwa.

Ukweli ambao hakumwambia mtu ni kwamba aliogopa. Lile neno "basi" halikumtoka masikioni. Nikishaliona, basi. Basi nini? Kichwani mwake lilijengeka wazo la kijinga, la kitoto, kwamba macho ya rafiki yake yanasubiri, na maadamu rangi haijapakwa hayana ruhusa ya kuondoka. Kwa hiyo akafungua giaboksi ambayo haikuwa na tatizo. Akaifunga. Akaifungua tena.

"Rangi lini?" Mzwandile aliuliza, kama alivyouliza jana.

"Haraka haraka haina baraka."

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo. Usiniletee methali, Mokoena, hata mimi ninazo. Kopo la rangi lipo pale, nimeliona tangu wiki ya pili. Nyekundu. Limekaa kama mgeni asiyekaribishwa chai."

"Injini bado inanitia shaka."

"Injini hii? Nasikia ikilia kutoka kwangu, mitaa mitatu! Nobantu anaijua. Mtoto wa jirani anaiga mlio wake." Kisha akasema kwa sauti ambayo Tebello hakuizoea, "Ndugu yangu, naomba. Nipakie rangi hata upande mmoja."

Tebello aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alisema kesho. Na hakika alikusudia kesho, lakini Agosti ilikuwa imeingia, na Agosti haiji peke yake, inakuja na upepo wake. Vumbi la njano kutoka kwenye vilima vya taka za migodi lilitanda siku nne, likaingia kwenye chai, kwenye uji, kwenye meno. Rangi ya kupuliza ukiipuliza kwenye vumbi unapata ngozi ya mamba. Alikaa mlangoni anautukana upepo. Siku zote za Julai zilizokuwa shwari, alizozimaliza kwenye giaboksi isiyo na kasoro, zilimjia moja moja.

Jumamosi Mzwandile hakuja. Jumapili pia. Nobantu alituma ujumbe kwamba amelala, ana uchovu tu. Jumatatu upepo ulilegea mchana, na Tebello akapuliza gari zima rangi ya kwanza, ile ya kijivu inayowekwa chini ya rangi yenyewe. Jumanne kulipambazuka kimya kabisa. Aliamka mapema, akamwagia ua maji ili vumbi lilale, akaweka kopo jekundu juu ya meza na bisibisi ya kulifungulia.

Lango lililia. Mzwandile alikuwa amesimama hapo peke yake, mkono mmoja kwenye nguzo. Suruali ilikuwa imechanika gotini na kiganja kilikuwa na damu.

"Nobantu anadhani niko chooni," alisema akicheka. "Akijua nimetoka ataniua."

"Umeanguka?"

"Mbwa wa kwa jirani Zwane. Hebu nilione gari langu." Akatembea hatua kadhaa, polepole, akivuta hewa iliyojaa harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, na ya rangi mbichi. Akasimama. Uso wote ukamkunjuka. "Mshenzi wewe! Umelipaka!"

Tebello aligeuka, akalitazama gari.

"Jekundu hasa! Mama yangu! Angalia linavyong'aa. Mokoena, nakusamehe yote, umesikia? Hata ile giaboksi nakusamehe."

Gari lilikuwa la kijivu kama majivu ya jana. Kopo jekundu lilikuwa mezani, halijafunguliwa. Tebello alidhani anataniwa, akaanza kutabasamu, halafu akaliangalia lile jicho la kulia. Lilikuwa linatazama ukutani, hatua nzima kando ya gari.

"Umelipenda?" aliuliza. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

"Kupenda? Hii si kupenda." Mzwandile alinyosha mkono wenye damu, akapapasa hewa, akaipata boneti. Kiganja kikateleza juu yake mara moja, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kijivu ile haitelezi. Inakwaruza kama msasa laini, inaacha unga. Alisugua vidole, akavinusa. Alikuwa amekaa na mafundi maisha yake yote, hakuna aliyehitaji kumwambia.

"Kumbe bado," alisema.

"Bado, Radebe."

"Lini?"

"Leo. Nilikuwa nafungua kopo sasa hivi. Sasa hivi, haki ya Mungu."

"Mimi ni tangu Jumamosi," Mzwandile alisema. "Nilikuwa nakunywa chai. Giza likashuka kama pazia."

Tebello alitaka kusema pole, lakini pole haikutosha hata kuanza. Alisema hospitali, alisema tutakwenda leo, nitaazima gari, alisema huenda ikasafishwa hiyo damu. Mzwandile alimwacha amalize.

"Nilikwambia la bluu," alisema. "Nilikushika koti nikakwambia! Baya, cherehani, sawa! Lakini ningeliona, Mokoena! Mwezi mzima na zaidi ningekuwa naamka asubuhi naliona. Nilikuomba upande mmoja. Upande mmoja!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini wewe? Macho yalikuwa yako?"

Kwa kuwa Tebello alikuwa mtu wa mikono, na mikono haivumilii kukaa bure, alifanya kitu pekee alichojua kilikuwa kizuri: aliingia kwenye gari akaliwasha. Silinda sita ziliitika mara moja, nzito, safi, bila kukohoa. Katika maisha yake hakuwahi kutengeneza injini yenye sauti kama ile. Akamtazama rafiki yake kupitia kioo, akimsihi kwa moyo wote alisikie hili angalau.

"Zima," Mzwandile alisema.

"Radebe, sikiliza kwanza..."

"Zima nimesema!"

Akazima. Mzwandile alitafuta kreti yake kwa mguu, akaipata, akaketi, mikono katikati ya magoti. Hakuondoka, pengine alikuwa amechoka, pengine hakuijua tena njia. Tebello alisimama akilia waziwazi kama mtoto aliyechapwa, halafu akaenda mezani, akafungua kopo, akamimina, akakoroga, akawasha pampu ya upepo. Alianza na upande wa dereva.

Alipopuliza robo saa, Mzwandile alipaza sauti juu ya kelele za pampu.

"Umefika wapi?"

"Mlango," Tebello alijibu. "Mlango wa kushoto... hapana. Wa kulia. Mlango wa dereva."

"Inakaa vizuri?"

Tebello alitazama. Ilikuwa imekaa vizuri kuliko rangi yoyote aliyowahi kupaka, na jua lilikuwa juu yake.

"Inachuruzika kidogo," alidanganya, akangoja kuelekezwa.

"Basi punguza upepo," Mzwandile alisema.