Tumbo la Githinji Laenda Ngurario

Watu wakisikia mimi ni msimamizi wa kituo cha utafiti, hudhani navaa koti jeupe na kuchungulia darubini. Thubutu! Kazi yangu pale Ruiru ni jenereta, likizo za wafanyakazi, chakula cha panya wa maabara na, tangu mradi huu uanze, tumbo la Githinji.

Githinji ni fundi wa mawe, anaishi mtaa wa Landless kule Thika. Daktari Khushboo, mkuu wetu wa sayansi, aligundua kwamba utumboni mwake mna kijidudu kinachofukuza viini vya taifodi. Githinji hunywa maji yoyote, hula popote, na hajawahi kuugua. Wafadhili wakataka kujua kijidudu hicho na mwenye tumbo wanaelewana vipi. Basi tukamwekea chakula kimoja, githeri na uji uliochachuka, mpaka tupate sampuli ya mwisho ya choo chake. Akionja nyama kabla ya hapo, mradi umekwisha na kituo kinafungwa, mimi nikiwemo.

Nilimsimamia kwelikweli. Alinipigia simu kuuliza kama anaweza kuonja soda. Aliuliza kama anaweza kutafuna bablish bila kumeza utamu. Siku alipofiwa na shangazi yake aliuliza kama anaruhusiwa kulia, maana machozi yana chumvi. Nikamwambia alie kiasi.

Kisha akaja ofisini kusema Jumamosi ana ngurario. Sampuli nilikuwa nimeipanga Jumatatu.

"Ahirisha," nikamwambia.

"Madam, mbuzi washafika. Na baba ya mchumba wangu Beth si mtu wa kuahirishiwa."

Asiyeijua ngurario aelewe hivi: hapo ndipo ndoa ya Kikuyu hukamilika. Bwana harusi hukata kiande, yaani bega la mbuzi lililochomwa, akamlisha bibi harusi, naye bibi harusi akamlisha yeye, wazee wakiangalia. Asiyekula hajaoa.

Kwa hiyo Jumamosi tukaenda kwao Beth kule Witeithie, mimi, Daktari Khushboo na boksi la barafu. Nikasimama mbele ya wazee na kuomba bwana harusi asile.

Mzee Githae, baba yake Beth, akanitazama. "Amemkataa msichana wetu?"

"Hapana, mzee. Yeye anamtaka sana. Ni tumbo ndilo lenye ratiba."

"Hilo tumbo ni la nani?"

Ningeweza kudanganya. Lakini mimi ni mtu wa ofisi, na Githinji alikuwa ametia sahihi mkataba. "Kwa sasa ni letu, mzee."

Akina mama wakaacha kukata kachumbari. Mzee mmoja akauliza kama basi ni kituo kinachooa, na kama ni hivyo, kiketi wapi.

Daktari Khushboo akaniokoa. "Wazee, tukipata sampuli sasa hivi, ataruhusiwa kula mpaka ashibe. Jumatatu ni tarehe ya ofisi tu."

Iliniuma, kwa sababu tarehe ilikuwa yangu. Wazee wakanong'onezana, kisha wakatoa uamuzi: sherehe isimame, bwana harusi aende choo.

Githinji akaingia na suti yake na kikopo, akajifungia. Tukangoja.

"Madam," akaita kutoka ndani, "watu wote wananingoja. Siwezi!"

Mchungaji akaomba kila kilichofungwa kifunguliwe. Akina mama wakapanga mstari mlangoni na kuimba zile nyimbo za kupokea wageni. Cucu mmoja, bibi mkongwe, akapitisha uji moto chini ya mlango. MC naye, asiyejua kunyamaza, alitangaza kwa maikrofoni, "Bado, wapendwa. Bado." Watu wote wa kituo chetu walikuwa na watoto shuleni, na maisha yao yalikuwa mle chooni.

Hatimaye komeo likalia. Githinji akatoka ameinua kikopo juu. Akina mama wakapiga ngemi, vigelegele vitano, kama mtoto wa kiume amezaliwa. Nikamkumbatia Daktari Khushboo nikilia, na si kiasi. Kikopo nikakizika kwenye barafu.

Kiande kikaletwa. Githinji akakata, akamlisha Beth, Beth akala. Kisha Beth akachagua kipande kizuri, akakitia mdomoni mwa mumewe. Githinji akatafuna. Akatafuna tena. Akasimama na shavu limejaa, macho yake yakanitafuta katikati ya watu.

"Madam," akasema, "nimeze?"

Hata MC akashusha maikrofoni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mtu mzima, siku ya harusi yake! Nikataka kumwambia ameze, lakini hiyo nayo ingekuwa amri yangu. Nikaangalia boksi la barafu. Yeye naye akakaa na nyama mdomoni, akisubiri, jasho likimtoka.

Beth akamwangalia mumewe, akaniangalia mimi, akarudi kwa mumewe. Akamshika kidevu.

"Meza," akasema.

Ilikuwa sauti yangu ile ile, ya kila simu. Githinji akameza mara moja, akashusha pumzi, uso ukang'aa kwa raha, na ngemi zikaanza upya. Nikalibeba boksi langu hadi kwenye gari. Kituo kilikuwa kimepona, na mimi nilikuwa na wivu ambao sijui nitauandika kwenye ripoti gani.