Mlango wa Hoteli ya Ikupa

"Mlango wako umehamia chumbani kwangu, Ikupa! Chumbani!" Mwantumu alisema. "Wanaume sita wamepita kando ya kitanda changu wakiuliza kama kande imeiva."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia imeiva. Lakini hilo silo tunalogombania."

Mlango wa hoteli ya Ikupa ulikuwa umehama tena. Jumatatu ulikuwa nyuma ya fundi cherehani, Jumanne kwenye ukuta wa kanisa, Jumatano kando ya machinjio. Alhamisi hii ulikuwa chumbani mwa Mwantumu, mwenye nyumba, kati ya kabati na dirisha. Wateja hawakulalamika. Makuli na madereva wa Mbeya, mwaka ule wa 1956, waliufuata kwa harufu ya vitunguu, wakaukuta, wakainama, wakaingia kula.

Sababu ilijulikana. Ikupa alikuwa Mnyakyusa, na mwanamke wa Kinyakyusa haonani na baba mkwe wake. Akimsikia njiani hujificha kwenye migomba mpaka apite. Mjini hapakuwa na migomba, kwa hiyo mlango ndio uliojificha.

Na baba mkwe, mzee Isakwisa, alikuwa mjini. Bomani walikataa kumpa Ikupa leseni kwa jina lake. Walitaka la mumewe. Mumewe alikuwa machimboni kusini, mwaka wa tatu, bila barua. Basi, walisema, baba wa mume atie dole gumba, ndani ya hoteli yenyewe, mbele ya karani, kabla ya Alhamisi saa kumi. La sivyo masufuria yatachukuliwa. Tangu Jumatatu mzee na karani Crispin walikuwa wanauzunguka mji. Kila walipokata kona walikuta ukuta mtupu, bado una joto.

"Jifunike kanga usoni, umpe mgongo," Mwantumu alisema. "Dole moja tu. Nani atajua?"

"Huyu mtoto mgongoni atajua. Mwiko ukivunjwa, yeye ndiye ataumwa."

"Mimi nimepika na kumwandalia baba mkwe wangu miaka ishirini, na wanangu wana afya kama punda."

"Wewe ni mtu wa pwani, mama."

"Ndiyo. Na sasa ni saa tisa na nusu."

Ikupa aliweka mwiko chini, akamkaza mtoto mgongoni, akatoka uani kupitia dirishani. Mlango ukatulia. Dakika kumi baadaye mzee na karani walipita kando ya kitanda, wakasalimia, wakaingia.

Mzee alikula sahani tatu. "Ndaga," alilishukuru sufuria. Crispin akafungua kidau cha wino, mzee akabonyeza dole, karani akaandika: Mwenye hoteli, Isakwisa. Fomu haikuwa na nafasi ya mpishi.

"Kumbe ni yangu," mzee alisema, akavua viatu. "Basi nitakaa."

Mwantumu alipeleka habari uani. Ikupa alisikiliza mpaka mwisho.

"Atakaa mpaka lini?"

"Ameagiza godoro."

"Na mimi nitapikia wapi?"

"Sijui, mwanangu. Chumba kimoja, na yeye yumo ndani."

Ikupa aligeukia barabarani, ambako lori lilikuwa likipakia.

"Nipitishie sufuria kubwa hapo dirishani," alisema. "Na dogo. Na mwiko."

Mwantumu alirudi ndani, akamwambia mzee ainue miguu, akayapitisha yote.

Barabarani lori la Iringa lilikuwa limemaliza kupakia mchele. Crispin alitoka na makaratasi yake, akamkuta Ikupa anapandisha masufuria. Makuli wanne, waliokuwa bado hawajala, walimsaidia kisha wakapanda wenyewe.

"Mama, Iringa sheria ni hii hii," karani alisema. "Nako watataka dole la mwanamume."

"Kwanza wautafute mlango," Ikupa alisema.

Akapanda, akakaa juu ya gunia, akamvuta mtoto kifuani, akagonga bodi. Lori likaondoka.